Mshahara Ungali Maua

Baba aliuza korosho zingali maua.
Mwezi wa saba, sufuria ikikwanguliwa mara ya pili,
alikwenda kwa tajiri mikono mitupu
akarudi na sado mbili za mahindi, sabuni ya mche,
na kitu alichokifunga kwenye gazeti.
Mnada ulipofunguliwa, magunia yetu
yalipita mlangoni kwetu yakiwa na jina la mtu mwingine.

Kangomba. Nililichukia neno hilo
nikiwa darasa la sita, ndani ya sketi mpya.
Nikaapa: mimi nitasoma, nitalipwa kwa mwezi;
mwezi haupatwi na ubwiriunga.

Jina langu Sikudhani. Cheka tu.

Nafundisha hesabu hapa Newala, darasa la tano.
Riba naijua. Naiandika ubaoni kwa chaki ya njano.

Mkopo wa kwanza ulikuwa bati.
Wa pili, kulipia wa kwanza.
Wa tatu niliuchukua simuni, usiku, kitandani,
dakika tatu, bila hata kuvaa kandambili;
nilibonyeza *nakubali*
na majina yote yaliyomo simuni yakakubali pamoja nami.
Wa nne sikumbuki ulikuwa wa nini.
Labda tuliula.

Chinduli, fundi simu mwenye droo,
alichukua kadi yangu ya benki na namba ya siri.
“Laki tatu, mwalimu. Irudi laki tatu na tisini.
Isiporudi, tunaanza upya.”
Mle drooni tumefungwa kwa raba,
walimu, manesi, askari mmoja,
kama karata za mchezo ambao hatukualikwa.
Namba yangu ilikuwa mwaka aliozaliwa Twalibu.
Kila mshahara uliposoma, kijana wa Chinduli
alisimama mbele ya mashine akabonyeza
mwaka ambao nusura nife leba.

Kisha simu ikaanza kuwaandikia watu:
mkwe wangu wa Kitangari, mwalimu mkuu,
fundi cherehani,
hata marehemu shangazi, ambaye sikuwa na moyo wa kumfuta.
*Mtu wako huyu ni tapeli. Mwambie alipe.*
Shangazi hakujibu.
Ndiye pekee aliyenisitiri.

Esha Mnyachi, mhasibu wa chama chetu cha akiba na mikopo,
alinisogezea karatasi.
“Andika yote. Hata lile unalolionea haya.
Hasa hilo.”
Nilijumlisha mara mbili, nikitaraji kosa.
“Chama kitawalipa wote, kwa risiti.
Utabaki na sisi tu. Miezi thelathini,
makato hukohuko kazini, kabla hujauona.”
Nikauliza: kwa hiyo deni limepungua?
Alicheka, si kwa dharau.
“Limekusanywa, mwalimu. Kupungua bado.
Na ukikopa tena pembeni,
usije kunililia hapa.”

Walitakiwa wadhamini wawili.
Mwalimu mkuu, yuleyule aliyetumiwa ujumbe,
alisaini bila kuniangalia,
akaniomba nimrudishie kalamu yake.

Usiku ule nilimpigia baba.
Nikamwuliza swali nililolibana tangu darasa la sita:
hivi, wakati ule, ulikuwa unafikiri nini?
Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata.
“Ile sketi,” akasema, “ulifikiri ilitoka wapi?”

Chinduli aliitoa kadi kwenye raba kwa shida,
ikiwa na alama ya jasho la mtu.
“Karibu tena, mwalimu.”
Sikujibu. Nimekwenda kwake mara ngapi
kwa ajili ya neno hilo, *karibu*.

Mashine iliniuliza: namba mpya?
Nyuma yangu mtu akakohoa, foleni ya mwisho wa mwezi.
Nilisimama pale, mwalimu wa hesabu,
nimekosa tarakimu nne.
Halafu nikaziba kwa kiganja,
nikabonyeza.

Hizo sikuandikii.